Nilimficha Mume Wangu kwa Mwanasaikolojia, na Sasa Ametulia

Admin, nifichie jina kabisa, hata herufi ya kwanza usiweke. Gisenyi ni kamji kadogo na wifi zangu wanashinda kwenye ukurasa huu.

Nina miaka thelathini na tatu, mama wa watoto wawili, naishi mtaa wa Nengo. Nimekulia Tanzania kabla wazazi hawajarudi Rwanda. Mume wangu, nitamwita Baba Keza, yeye alikulia Kongo. Mimi nachukua karoti na vitunguu soko la Mahoko, navusha mpaka kuuza Goma, upande wa Kongo. Yeye alikuwa dereva. Nasema alikuwa, maana tangu mdogo wake auawe huko ng'ambo hajashika usukani tena. Kwanza usingizi ulimkataa, kisha chakula, kisha maneno. Anakaa kwenye kochi tangu asubuhi, ukimsalimia anashtuka.

Mwezi uliopita nilikuwa natafuta karatasi za kliniki za mtoto kabatini, nikakuta barua ndani ya daftari la zamani la Keza. Mwandiko wa baba yake. Anawaaga watoto. Anamwambia Keza amtii mama, na yule mdogo asilie sana. Jamani, nikakaa pale pale sakafuni. Sikumwambia kitu. Niliikunja nikaitia kwenye pochi, nikambembeleza twende hospitali kumwona mwanasaikolojia. Alikubali bila ubishi, na hilo nalo likanitia hofu.

Siku ya miadi mama mkwe alifika mapema, hata chai hakugusa.

"Mama Keza, unasikia? Ule mutu atakuuliza mambo mingi. We usiseme kitu! Ukisema mutoto yangu anataka kufa, batamufungia kule Kigali na bawazimu. Bajukuu yangu bataitwa batoto ya kichaa. Unataka ile?"

"Hapana, Mama," nikasema.

Nilidhani tutahojiwa kama kwa polisi. Wala! Mwanasaikolojia alikuwa dada kijana, mpole. Alifunga mlango akatueleza kwamba siku hiyo hakuna sindano wala kidonge, ni maswali tu, na hakuna jibu zuri wala baya. Tutakayosema yatabaki mle ndani, isipokuwa akiona maisha ya mtu yako hatarini, hapo itabidi atafute msaada zaidi. Baadaye watapangiana siku za kurudi na kuongea, maana jambo kama hili haliishi kwa kikao kimoja. Akamuuliza habari za usingizi, za chakula, za mawazo, huku anatia alama kwenye fomu. Baba Keza alijibu neno moja moja. Kisha yule dada akaomba abaki naye peke yake, halafu akaniita mimi peke yangu.

Akaniuliza taratibu, "Mama, mume wako amewahi kusema au kuandika kwamba anataka kufa?"

Barua ilikuwa kwenye pochi, na pochi nimeipakata. Nikamkumbuka mama mkwe. Nikawakumbuka shangazi zangu walivyonikalisha chini siku ya kunitoa nyumbani, wakaniusia kwamba aibu ya mume mwenye kuifunika ni mkewe. Nikasema, "Hapana. Ni uchovu tu."

Aliniangalia kidogo. "Una hakika? Maana yeye nilipomuuliza, alisema nikuulize wewe. Alisema wewe unajua."

Nikasema nina hakika. Akaandika. Alinipa namba yake, akasema nimpigie saa yoyote nikikumbuka kitu, akatupangia kurudi Alhamisi.

Yesu wangu! Kumbe alishakuta daftari halina barua, akajua nimeiona. Kulitamka neno hilo mwenyewe kulimshinda, akanitegemea mimi nilitamke, na mimi nikalimeza.

Tukiwa njiani kurudi, Baba Keza akaniuliza, "Ulimuambia?"

Mjinga mimi, nikajibu kwa kujigamba, "Ningekuaibishaje? Nilikuficha."

Tukakaribia nyumbani. Ndipo akasema, "Bon, sawa. Aksanti."

Tangu siku hiyo mume wangu amepona. Ndivyo wanavyosema wote. Anaoga, ananyoa ndevu, anamaliza sahani. Mama mkwe anamshukuru Mungu na kunisifu mimi: "Uliona? Ilikuwa tu shida ya kulala!" Lakini mimi ndiye ninayelala naye kitanda kimoja, na roho yangu iko juu juu. Jumamosi alimpa jirani koti lake la ngozi, lile ambalo hata mimi alikuwa hataki niliguse. Jumapili alimfundisha Keza, mtoto wa miaka tisa, kufunga mlango wa nje ambao kitasa chake kinakwama, akamrudisha mara tano mpaka akaweza. Jana alimkumbatia mama yake, akakaa hivyo hivyo mpaka mama akacheka, "We, niachilie, kwani unaenda wapi?"

Leo asubuhi nimemkumbusha miadi ya Alhamisi. Akatabasamu, tabasamu zuri kabisa la siku za uchumba wetu. "We nenda tu Goma na karoti yako. Mi nitaenda peke yangu. Batoto batalala kwa mama, nimeshapanga."

Leo ni Jumanne. Sikuvuka mpaka, nimeshindwa. Nimeibonyeza namba ya yule dada mara tatu, nikakata kabla haijaita. Nikisema ukweli, mama mkwe hatanisamehe, na mume wangu ataona nimemvua nguo mbele ya watu. Nisiposema, naogopa hata kuandika. Ninyi mnaonisoma, mliowahi kukaa kwenye kiti kile cha kuulizwa maswali au kumpeleka mtu wenu, nawaomba kwa jina la Mungu: nimpigie? Naanzaje kusema kwamba nilidanganya? Msiniambie nimwombee, nimeshaomba sana. Na anayetaka kunijibu asingoje kesho. Yuko uani anawaogesha watoto, na anaimba.