Mkurugenzi Aliyepakwa Maziwa

"Sikati!"

"Kata jani, wifi. Daktari anataka kuliona."

"Aangalie mbwa. Ameitwa kutibu mbwa, hakuitwa kukagua maua yangu."

Wifi yangu alisimama mbele ya chungu chake, mikono kiunoni, utadhani nimekuja kumbomolea kibanda. Uani, daktari wa mifugo alikuwa amepiga magoti anamsukutua mbwa wangu kinywa kwa maji ya bomba. Mbwa huyo tunamwita Karani, maana hukaa mlangoni kutwa, na hajapata kumpitisha mtu bila kumnusa mifuko. Asubuhi hiyo nilimkuta chini ya meza, mate yanamchuruzika, ulimi umevimba hauenei mdomoni, anajikuna uso kwa makucha kama aliyevamiwa na nyuki. Daktari alipofika hakutaka maneno mengi. Alisema, "Nileteeni alichotafuna. Humu ndani mna maua mengi, na mimi sitaki kubahatisha."

Sasa tulikuwa tunambahatishia sisi.

Kabla sijamsema vibaya huyu mwanamke, acha nimseme vizuri kidogo, nisije nikaambiwa nina kijicho. Miaka thelathini na moja alifagia ofisi moja ya ghorofa nne. Kila bosi aliyeondoka aliacha ua lake dirishani, na kila bosi aliyeingia aliagiza litupwe. Wifi hakutupa hata moja. Alilitia kwenye ndoo ya kudekia, akalifunika tambara, akampita mlinzi huku analalamika mgongo. Ndiyo maana sebule hii, ambayo marehemu mume wangu alituachia mimi na dadake kwa kutokujua anachofanya, imejaa wakubwa. Yupo Mhasibu, majani membamba kama vidole vya bahili. Yupo Mapokezi, hachanui mpaka aone mgeni. Wapo Mameneja wawili. Ukiwaweka dirisha moja, mmoja ananyauka kwa hasira. Halafu yupo Mkurugenzi: majani mapana yenye madoa meupe, shina nene kama mkono wa mpishi. Watu husema natia chumvi, lakini mwaka juzi huyu alirefuka akainua bati, mvua ikatunyeshea sebuleni siku tatu, tukala chakula chini ya mwavuli.

"Sio Mkurugenzi," wifi akasema. "Mkurugenzi hajaguswa."

"Na hayo meno hapo pembeni ya jani ni ya nani? Yako? Wewe hata manne huna."

"Ni konokono."

"Konokono mwenye magego!"

Uani Karani akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mbwa, kama mlango unaofunguliwa polepole. Karani ana miaka tisa. Tangu kaka yake huyu mwanamke afariki, humu ndani ni mbwa peke yake anayeinuka nikiingia.

"Wifi," nikasema, "akifa huyo, nakuapia nitachemsha Mkurugenzi wako kwenye sufuria la kufulia."

"Nawe nitakunywesha."

"Daktari alituambia. Siku ile ya chanjo alikinyooshea kidole hicho chungu, akasema hili na mbwa haviishi pamoja, liwekeni juu. Alisema au hakusema?"

"Alisema. Na nikaliweka juu ya kabati kwa mikono yangu." Ghafla akanigeukia. "Lakini leo nimeamka nimelikuta chini. Nani alilishusha?"

Hapo nilikumbuka kwamba kiatu changu kina vumbi, nikainama kukipangusa.

Nililishusha mimi, jana. Lilikuwa linanizibia mwanga, na mimi nilitaka kutunga uzi kwenye sindano. Nilisema nitalirudisha nikimaliza. Sindano ilinichukua mpaka jioni.

"Nakuuliza, bi mkubwa. Lilishuka kwa ngazi?"

"Hata likishuka, mbwa hali majani! Mbwa si mbuzi. Huyo amelambishwa kitu." Nikanusa jani. "Leo siku gani?"

Akanywea. Ilikuwa Jumamosi.

Kule ofisini, maziwa yaliyobaki kwenye chai ya saa nne yalikuwa marufuku kwa wafagizi. Yamwagwe, waliambiwa. Wifi hakumwaga. Alichovya kitambaa, akawafuta nayo wakubwa majani, yakang'aa mpaka bosi akajiona ndevu. Amestaafu, lakini kila Jumamosi anawapaka maziwa, mimi nakunywa chai ya rangi.

"Umempakia mbwa wangu sumu kwa maziwa," nikasema.

"Umemtengea mezani wewe! Ungeacha pale juu, angepanda kabatini kwa mabawa?"

"Kata jani!"

"Akiliona atasema litupwe!" Sauti ilimkatika, nikaona kumbe machozi. "Wote husema litupwe. Miaka thelathini na moja nasikia neno hilo hilo. Hii nyumba ndiyo mahali pekee..."

"Na mimi sina mahali? Mbwa wangu hana? Kama si wewe na ukaidi wako, saa hizi..."

Mlango wa uani ukafunguka.

Daktari aliingia mikono ya shati imelowa. Mbele yake Karani, miguu inayumba, ulimi bado mnene, mate yanadondoka sakafuni. Hakunitazama mimi wala wifi. Alinusa hewa mara mbili, akakunja kona ya meza, akaenda moja kwa moja kwa Mkurugenzi, ulimi umeshatoka kulamba.

Tuliruka pamoja. Mimi nilidaka ukosi, wifi alidaka chungu akakiinua mpaka kifuani, majani yakamfunika uso.

"Nifungulie mlango wa mbele nimtoe Mkurugenzi, mchawi wee," akasema kutoka humo ndani.