Maji ya Betri Bukundi

Kazi yangu, kwenye maabara moja Dar, ni kuchanganya elektroliti: kile kimiminika kilichomo ndani ya betri ya kuchaji, kinachopitisha umeme wake. Tunatafuta kitakachostahimili joto. Nilipomweleza baba kwenye simu aliuliza, "Kwa hiyo unatengeneza maji ya betri?" Nikamjibu ndiyo, maana salio lilikuwa linaisha.

Nilipofika likizo nyumbani Bukundi, kijiji kizima kilikuwa na habari.

"Mwadila!" mzee jirani alinisalimu kwa kilugha chetu. "Chuo chote kile, ng'wanone, mwanangu, kujifunza maji? Dada zako wanachota bila cheti."

Baba alicheka pamoja na majirani, lakini alikuwa anaangalia chini. Iliniuma. Nilikuwa nimekuja na tochi yenye betri niliyoijaza mchanganyiko wetu kwa mkono wangu, basi nikamwambia awaalike wote jioni ya kesho yake waje waone. Nilitaka wamheshimu, basi.

Kesho yake nikaiacha tochi nyumbani, nikaenda Mwandoya kumsalimu shangazi. Niliporudi jioni, wageni walikuwa wameshakaa uani. Nikasimama kama mgombea udiwani, nikabonyeza swichi.

Giza.

Nikabonyeza tena. Nikaifungua tochi. Betri ilikuwa imevimba kama kupe aliyeshiba.

"Baba, imefanywa nini hii?"

"Niliianika tu juu ya bati tangu asubuhi," alisema. "Ipate nguvu."

Ningemlaumu vipi? Kwetu kila betri ya tochi ikichoka huanikwa, hata mimi nimekua nikizigeuzageuza juani kama makopa. Ila bati la Bukundi saa saba mchana hata kuku halikanyagi. Elektroliti yetu inastahimili joto, haijasema inastahimili kukaangwa.

"Maji yamechemka!" mzee jirani alipiga kelele, na uani watu wakashika mbavu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Baba hakucheka. Aliichukua ile betri, akaifuta kwa pindo la shati, akasimama.

"Kijana bado anasoma," aliwatangazia. "Kazi hii ni ngumu, haiishi haraka. Wale ng'ombe wengine walikwenda shule, na yule dume mwekundu pale zizini atakwenda vilevile."

Wengine wote walikuwa wameuzwa kunilipia ada. Dume mwekundu ndiye aliyekuwa amebaki.

Nikamsogelea baba, nikamnong'oneza, "Baba, mimi nilishahitimu. Wewe mwenyewe ulikuja kwenye mahafali."

"Nyamaza," akaninong'oneza. "Nakutetea."