Jaketi Lililopimwa kwa Baba Yetu

Harufu ya kuku aliyenyeshewa hainichukizi. Wengine wakiisikia huziba pua, lakini mimi, hata ikitoka tu kwenye banda la jirani yangu hapa Dandora, husimama kidogo na ndoo yangu mkononi, na kwa muda huo mfupi niko tena Makadara, msichana wa darasa la tatu, nimeinua uso kutazama jaketi jekundu linalodondosha maji kwenye kamba ya nguo. Chini ya jaketi wamesimama wanawake wawili, kama watu walio mbele ya jeneza. Mmoja ni mama yangu, Wangari. Mwingine ni jirani yetu Rasoa, mama yake Ayub. Na mimi, mdogo hivyo, nilijua kwamba jaketi lile likikataa kukauka vizuri, sisi tunahama Nairobi.

Tulikuwa tunaishi chumba kimoja kwenye ploti ya vyumba vya kupanga nyuma ya Jogoo Road, mama, mimi na ndugu yangu Kariuki, ambaye bado alikuwa wa kubebwa mgongoni. Baba alifariki kabla Kariuki hajaanza kutambaa. Mama aliuza uji. Jua lilipochomoza lilimkuta ameshafika kwenye lango la kiwanda cha misumari, ndoo ya uji imefungwa gunia isipoe, vikombe vya bati vinagongana kikapuni. Wateja wake nawakumbuka mmoja mmoja: Mzee Omolo aliyetaka uji wake bila sukari, Mutiso aliyepuliza kikombe mpaka uji ukapoa kisha akalalamika kwamba umepoa, na Barasa aliyekunywa kikombe cha kwanza amesimama na cha pili amechuchumaa. Walikuwa wanasema uji wa Wangari ndio uliowasha mashine za kiwanda kile, umeme ulikuwa unasaidia tu.

Sasa mwaka huo baridi ya Julai ilikuja na hasira. Wanaojua Nairobi wanaijua hali hiyo. Jua linapotea, manyunyu hayanyeshi wala hayaachi, moshi wa makaa unakosa pa kwenda na kukaa hapo hapo mlangoni. Mama alikuwa ametoka tu kuugua nimonia. Alipokwenda kuonyesha kifua kliniki, muuguzi mmoja mpole aliyeitwa Damaris alimwambia mbele yangu, "Mama Wambui, hiki kifua sasa ukichunge kama mtoto mchanga. Upepo wa alfajiri ukikupiga tena, uji utauzwa na mtu mwingine." Mama alijitanda leso yake, tukatoka. Njiani ndipo aliponiambia kwamba ikibidi tutakwenda Murang'a kwa kaka yake Gathogo, tukalime. Mjomba Gathogo alikuwa mtu mwema, lakini nyumba yake ilikuwa imejaa watoto, shule ilikuwa mbali, na msichana aliyekuja kutoka kwingine ndiye angebaki nyumbani kuwalea wengine. Hakuna aliyenieleza hayo. Niliyasoma usoni mwa mama, na nadhani niliyasoma vizuri kuliko kitabu chochote nilichopewa darasani.

Mama alikuwa na sweta mbili na leso ya kujitanda, na upepo wa lango lile ulipita katikati ya zote kama mtu anayepita kwake. Alihitaji jaketi la kweli, la kukaa nje. Dukani hatungeweza. Ilibaki Gikomba, kwenye marundo ya nguo kuukuu kutoka ng'ambo, ambazo siku hizo watu wengi walinunua kwa kificho kwa sababu ilisemekana ni nguo za Wazungu waliokufa. Rasoa aliliamini jambo hilo kabisa. Alikubali kutusindikiza kwa sharti moja, kwamba chochote kitakachonunuliwa atakifua yeye kwanza. "Siwezi kukuacha ulete marehemu kwa ploti hajaoshwa," alimwambia mama.

Mwenye rundo aliitwa Kamande, mtu mnene mwenye sauti nyembamba. Kusikia tu ni jaketi la kuuzia uji alfajiri, akavuta koti la kijani la askari jeshi, zito, likaanguka mezani kwa kishindo. Wakati ule kila mtu aliamini kwamba kinachopasha joto ni uzito. Mtu akikununulia blanketi, unalinyanyua kwanza, na likikuumiza mkono unashukuru. Lakini mama alikuwa na kipimo chake mwenyewe, alichofundishwa na mama yake katika kupima mablanketi. Aliomba maji baridi kwenye kopo, akachovya mkono wangu, akaufuta na sketi yake, kisha akauingiza ndani ya koti na kulikunja juu yake. Alitumia mkono wangu kwa sababu mikono yake ilikuwa imekomazwa na sufuria na haikusema ukweli tena. Halafu akaanza kusema Baba Yetu, polepole, kwa sauti ya chini. Mimi kazi yangu ilikuwa kumwambia mkono umeshika joto tukiwa tumefika wapi.

Kamande alitazama mambo hayo mpaka akashindwa kuvumilia. "Mama, umekuja kununua koti ama umetuletea kanisa?"

"Ngoja kidogo, Kamande," mama akasema bila kugeuka. "Bado tuko kwa ufalme."

Koti la jeshi lilishika joto, sikatai, lakini lilishika tukiwa tunakaribia Amina. Mama akalivaa, akajifanya ananyanyua ndoo, akainama kama anayemimina uji. Mabega yakalemewa, kikohozi kikaja, akalivua. Hapo ndipo alipomwambia Rasoa asimame, maana Rasoa alikuwa amechoka, akakalia kitu chekundu pembeni ya rundo. Mama alikichukua, akakikung'uta mara kadhaa, na kitu kile kilichokuwa bapa kama chapati kikaanza kufura mbele ya macho yetu kama andazi kwenye mafuta. Lilikuwa jaketi la kiume, jekundu lililopauka kidogo, limeshonwa mistari mistari kama godoro, na jepesi kiasi kwamba Rasoa alidhani vya ndani yake vimetolewa.

"Huu ni mto, Mama Wambui," alisema. "Mwenyewe alikufa akiwa ameulalia."

Mama hakumsikiliza. Aliweka shavu upande mmoja wa kitambaa akanifanya nipulize upande wa pili, na pumzi yangu haikupita. Akafunga zipu mpaka kidevuni na kuifungua, mara nyingi, mpaka Kamande akamwambia itaisha. Akavuta mikono aone kama imebana kwenye vifundo, upepo usipate mlango. Akachuchumaa, akainama, akaniuliza kama mgongo unaonekana. Haukuonekana. Mwisho akachovya tena mkono wangu majini na kuanza sala. Hatukufika kwenye mkate. Joto lilikuja kama mtu aliyenishika mkono, nikamwambia, "Mama, limeshika."

"Usinidanganye kwa sababu limependeza."

"Haki ya Mungu limeshika."

Akatoa mkono wangu, akauweka shavuni mwake, na sikumbuki kuona sura ile kwake tangu baba alipotuacha. Alicheka. Tukarudi nyumbani na jaketi ndani ya gunia la makaa, majirani wasione.

Sasa Rasoa akatimiza ahadi yake. Alichemsha maji kwenye karai, akakata sabuni ya mche, akaingia na miguu yake miwili akalikanyaga jaketi lile kama mtu anayekanyaga udongo wa kukandika nyumba. Alikuwa anafanya kwa upendo, nataka hilo lieleweke. Lakini lilipotoka ndani ya karai halikuwa jaketi tena. Lilikuwa kitambaa kimelegea, chenye mabonge huku na kule kama ugali uliopikwa na mtoto, na harufu yake ikajaza ua mzima. Kutoka kwenye mshono mmoja kikachomoza kinyoya cheupe. Tulikuwa hatujui kamwe kwamba nguo inaweza kutiwa manyoya. Rasoa alikivuta, akakitazama, akakinusa. "Kumbe marehemu alikuwa kuku," akasema, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyecheka.

Lilining'inia kambani siku baada ya siku. Jua halikutoka. Jioni mama alilishusha na kulisogeza karibu na jiko, si karibu sana, na asubuhi lilikuwa bado ni lile lile, bapa, mabonge, baridi hata kwa ndani. Mama alikuwa amewatumia wateja wake habari kwamba anarudi wiki inayofuata. Ijumaa nilipotoka shuleni nilimkuta amechukua kikapu cha vikombe, amekimwaga, na ndani yake anapanga nguo za Kariuki, zikiwa zimekunjwa ndogo ndogo kama za safari. Nilitoka nje nikasimama chini ya ile kamba.

Rasoa alitoka kwake akaniona pale. Sijui aliona nini usoni mwangu, lakini alilishika jaketi kwa hasira akaanza kulipiga makofi, upande huu na upande huu, kama mtu aliyemkamata mwizi. "Wewe kuku wa Ulaya," akaliambia, "umetoka huko kote kuja kuhamisha watu kwao." Akapiga tena. Kisha mkono ukasimama hewani. Pale alipopiga, bonge lilikuwa limeachana, na kitambaa kimenyanyuka kidogo, kama kifua cha mtu anayevuta pumzi. Akapiga pale tena, kwa upole sasa. Kikanyanyuka zaidi. "Wambui," akasema, "ita watoto."

Niliwaita wote. Nekesa akaja, Atieno akaja, na Mwikali na mdogo wake Kioko, na Ayub wake mwenyewe. Rasoa aliwasha jiko lake na la mama, akatukalisha tumelizunguka jaketi, akatuonyesha namna ya kulipiga katikati ya viganja kama mtu anayetengeneza chapati, bonge moja baada ya jingine, halafu kuligeuza. Tulilipiga jioni ile na Jumamosi yote, tukabadilishana zamu, tukaimba, tukagombania mikono kwa sababu mikono ilikuwa rahisi kuliko mgongo. Mama alitoka mara moja akatutazama, akarudi ndani. Baadaye niliona ametoa nguo za Kariuki kikapuni na kuzirudisha kwenye sanduku.

Jumapili jaketi lilikuwa limefura pande zote. Rasoa ndiye aliyesema lipimwe. Yeye mwenyewe alichovya mkono wangu, akaufunika, akaanza Baba Yetu kwa Kiluhya chao, macho yamefumbwa. Ilikuwa ndefu. Mama alingoja, akangoja, akasema, "Mama Ayub, mbona yenu haiishi?"

"Naomba na ya majirani pia," Rasoa akajibu bila kufumbua macho.

Mimi sikujua Kiluhya, sikuweza kusema tumefika wapi. Lakini mkono ulikuwa umeshika joto zamani, na nikauacha humo humo mpaka akamaliza.

Jumatatu Barasa alipomwona mama langoni alisema, "Leo uji umeletwa na godoro," na jina likabaki. Wakamwita Mama Godoro mwaka mzima, naye akaitika. Kifua hakikumsumbua tena msimu ule. Shule yangu haikwenda mbali sana, iliishia darasa la tano, lakini haikuishia mwaka ule, na kusoma na kuandika nilikonako nilikupata katika miaka iliyofuata. Mama alilivaa jaketi mpaka zipu ikafa, halafu akalifunga kwa kamba, halafu nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, Njoroge, Rasoa, ambaye sasa alikuwa na mvi, alilikata na kushona mto wa mtoto. "Nilisema ni mto," alituambia, "mkanibishia."

Njoroge ndiye baba yake Shiku, na Shiku ndiye aliyenifanya niandike haya. Amepata kazi na watu wanaopima barabara huko Kinangop, na Kinangop asubuhi majani yanakuwa meupe kwa baridi. Wiki jana alikuwa amekaa hapa akinionyesha majaketi kwenye simu. "Shosho, hili si ni poa?" Nikamwambia simu haina joto la kunionyesha, twende Gikomba. Siku hizi ploti yetu ina majaketi kuliko watu, kila mtoto wa shule ana la kwake, na hakuna anayeogopa marehemu. Mama angefurahi kuona hivyo. Lakini jambo lililokuwa moyoni mwangu njiani ni jingine. Mama alitafuta jaketi ili asiondoke Nairobi. Mjukuu wa mwanawe analitafuta ili aondoke, aende penye baridi kwa kupenda kwake, kwa kazi aliyoisomea. Nguo ni ile ile, safari ndiyo imegeuka.

Muuzaji alikuwa kijana anaitwa Deno, muziki umepigwa mpaka meza inatetemeka. Akatuletea la bluu lililojaa. "Shosho, hiyo ni kamera," alisema, ndivyo wanavyoiita nguo nzuri inayochaguliwa kwanza belo la mitumba linapofunguliwa. Nikapuliza. Nikajaribu zipu. Nikamwinamisha Shiku nione mgongo. Kisha nikamwagia mkono wake maji ya chupa, nikaukunja ndani ya jaketi, na kuanza kwa sauti ya chini. Deno alinitazama, akanyoosha mkono akazima muziki, akavua kofia na kuinamisha kichwa.

"Shosho," Shiku akaninong'oneza, "limeshika. Hujafika hata kwa mkate."

Nilimsikia. Lakini niliendelea mpaka Amina, kwa sababu Deno alikuwa bado amefumba macho.