Mrija wa Ijumaa

Ilikuwa mwaka 2011. Hapana, niwieni radhi, ni 2012, maana 2011 mjukuu wetu alikuwa bado anabebwa mgongoni, na mwaka ninaousema alikwenda hospitali kwa miguu yake, analia kila hatua.

Dada yangu aliosha vifaa vya chumba cha upasuaji miaka ishirini na sita. Walimwita Mama Sabuni. Nyumbani hata kijiko alikigeuzageuza kwenye mwanga kabla hajala. Mimi huzunguka huku na huko nikinoa visu na mikasi, na kila nilipopita kwake nilimkuta vilevile.

Kila Ijumaa, kule kazini, alitoa kabatini mrija mmoja, mwembamba kuliko penseli, una kioo nchani. Aliuosha, akaukausha, akaufunga upya kwa kitambaa. Haukuwahi kutumika. Daktari aliyeuleta alihamishwa kabla hajamfundisha mtu, na waliomfuata hawakufungua kabati lile. Walinyoosha mkono tu, wakapewa vifaa walivyovizoea.

"Mama Sabuni, kijiti hicho unakiogesha kama kichanga," muuguzi mmoja alimtania.

"Ungeoga hivi wewe, tusingejua umefika kabla hujafungua mlango!"

Mjukuu alikutwa na jiwe kwenye figo. Daktari akamwambia dada, "Mama, siku hizi jiwe tunalivunja kwa mrija unaopita njia ya mkojo, bila kumpasua mtu. Ila wa kwetu ni wa watu wazima. Mrudishe akikua kidogo."

Basi dada akamlisha, mpaka mtoto akawa anakimbia akiona kijiko. Mtoto akakua. Jiwe nalo likakua. Mwezi wa saba homa ikampanda, figo ikajaa usaha. Wakampasua ubavuni, wakaitoa. Kovu lake ni refu kuliko kiganja changu. Visu vilivyompasua, dada ndiye aliyeviosha.

Mwaka uliofuata akaja daktari mpya, mwanamke, mtu wa kupekua kila kitu. Akafungua kabati, akafungua kitambaa.

"Kumbe mnao wa watoto! Na ni mzima kabisa. Nani kautunza hivi?"

Dada alikuwa kwenye karo, akiosha vifaa. "Wa watoto wa nini, daktari?"

"Wa kuvunja mawe ya figo, mama. Hongera sana."

Dada alifunga bomba, akatembea mpaka nyumbani na aproni yake ya kazini. Hakurudi tena. Aliponisimulia, mikono alikuwa ameificha chini ya meza, wala hakulia.

Nilikwenda mwenyewe. Nilimwona daktari yule aliyesema mtoto arudishwe akikua, kisha mkuu wa wauguzi, kisha bwana mmoja wa ofisini aliyenipa kiti. Wote niliwauliza jambo moja, kwa upole: mlimwelekeza maji yawe ya moto kiasi gani, kitambaa gani, kikunjwe vipi, ilikuwaje miaka yote hiyo asipatikane hata mmoja wa kumwambia anaosha nini?