Mbavu za Moto Dar es Salaam

Jumapili iliyopita, kwa wakwe zangu huko Oyugis, shemeji alimchapa binti yangu mkono. Mtoto alikuwa ananyoosha kidole kwa mbavu zilizokuwa kwenye makaa. "We msichana, ngoja wazee waonje!" Wanaume wakacheka. Mimi nikaenda nyuma ya jikoni kabla sijasema kitu cha kunirudisha kwetu. Moshi wa ile nyama ukanifuata huko, na ghafla nikawa Dar es Salaam na nyanya.

Hukumjua nyanya yangu, wacha nikueleze. Alikuwa akianika omena, wale dagaa wa ziwani, huko Muhuru Bay, na vidole vyake vilinuka ziwa hata siku ya Sabato akiwa na nguo nyeupe ya kanisa. Shangazi alikuwa ameolewa Dar, akajifungua, nyanya akasema lazima amwone mjukuu. Mimi nilikuwa darasa la nne. Nilibebwa kwa sababu ya Kiswahili changu cha shule. Chake kilijua bei na matusi tu.

Ule mji, aki! Nilidhani dunia yote imeitwa mkutano hapo. Magari yamebanana kama ng'ombe wanaongoja josho, hayaendi mbele wala nyuma, na katikati yake watu wanauza maji, taulo, hata saa za ukutani. Nyanya alinifinya mkono akaniuliza kwa Kijaluo, "Hawa wote wanalala wapi?"

Jioni shangazi akatupeleka kula nyama. Majiko ya mapipa yamepangwa kando ya barabara mpaka macho yanachoka, mafuta yanadondoka kwa makaa, shhh, moshi unapanda hadi kwa nyaya za stima. Mishikaki, ndizi za kuchoma, ndimu, pilipili ya kukutoa machozi. Na wanawake wamekaa kwa viti wanaguguna mifupa, wanacheka, na hakuna mtu ana shida nao! Nilisahau kufunga mdomo.

Mchomaji akaweka sinia ya mbavu mbele ya nyanya. Nyanya akaiangalia, akainuka nayo, akaipeleka meza ya jirani kwa mzee mmoja aliyekuwa anasoma gazeti. Kwetu mwanamke hakugusa nyama choma kabla mwanaume hajakata kipande chake. Hatukuwa na mwanaume, mume wa shangazi alikuwa kazini, kwa hivyo nyanya alichukua wa karibu.

"Mama, hii siyo yangu," mzee akasema.

"Kata tu, baba. Watoto wana njaa."

Shangazi alitamani ardhi immeze. Akamweleza mzee, na mzee akacheka mpaka akakohoa. Akairudisha sinia yeye mwenyewe, kwa mikono miwili. "Mama yangu, mimi nimeshiba. Leo mwanaume ni wewe. Anza!"

Nyanya akachukua ubavu mmoja, akaupuliza, akaangalia huku na huku kama mwizi wa mahindi, akauma. Alitafuna amefumba macho.

"Kumbe wanaume wanaipata hivi," akasema. "Ikiwa bado na moto."

Maisha yake yote alikuwa amekula iliyopoa.

Tuliporudi Muhuru Bay alingoja tena kama zamani, na hilo ndilo linaniuma. Sasa nyanya amezikwa. Shangazi anasema yale majiko yaliondolewa barabara ilipopanuliwa. Vitu vitamu vyote vimekwenda, na hii ya ngoja-wazee-waonje ndiyo imebaki nzima, haina hata mkwaruzo.

Nikatoka nyuma ya jikoni. Nikapita katikati ya wale wanaume, nikachukua ubavu palepale kwenye makaa.

"Shemeji, umepagawa?" yule aliyemchapa mtoto akaniuliza.

"Nichape na mimi basi."

Hakuna aliyeinua mkono. Nikampa binti yangu, nikamwambia apulize kwanza, kwa sababu ulikuwa bado na moto.