Hapana ya Muireann

Kwetu Donegal, mashambani mbali na Dublin, ukikaribishwa chai ukasema ndiyo papo hapo, utaitwa mroho mpaka unaingia kaburini. Unakataa kwanza. Unakataa tena. Ukibembelezwa mara ya tatu ndipo unasema haya, tone tu, kisha unamaliza birika zima. Muireann alilelewa hivyo na mama yake, Nábla, na kwa adabu hiyo nusura atuulie kijiji.

Alikuwa amerudi kutoka Dublin na mumewe na mabinti zao, kwa sababu kiwanda cha zamani cha kufuma sweta, alikofanya kazi Nábla ujanani, kimegeuzwa ofisi ya pamoja: meza, joto, na mtandao usiokatika hata upepo uvume vipi. Mimi ndiye ninayefungua mlango na kugombana na mashine ya kahawa. Muireann alikuwa akishughulikia madai ya bima ya kampuni moja ya Uholanzi, kwa mkataba wa muda. Mkataba ukiisha bila kazi ya kudumu, wangerudi Dublin. Mumewe alishaanza kuulizia nyumba. Na mabinti wale wakiondoka, wanafunzi wangepungua, shule yetu ingebaki na mwalimu mmoja, na baada yake duka lingefungwa. Sote tulijua hivyo, na kwa kuwa ni watu wa adabu, hakuna aliyemwambia.

Ijumaa moja mkubwa wake, Bwana Joost, akampigia kwa video. Kuta zetu ni nyembamba, na masikio yangu, namshukuru Mungu, ni mazima.

"Tungependa uwe mfanyakazi wetu wa kudumu," Joost alisema. "Ukiwa hukohuko kwenu. Unaitaka kazi?"

"Aa, hapana jamani," Muireann akajibu. "Lazima wapo walio bora kuliko mimi."

"Una hakika?"

"Aa, msijisumbue kwa ajili yangu."

"Sawa, nimekuelewa. Asante kwa kuniambia waziwazi." Akakata.

Muireann akatoka chumbani rangi imemtoka. "Hajaniuliza mara ya tatu," alisema.

"Ni Mholanzi huyo, wewe!" nikamaka. "Ukimwambia hapana, anasikia hapana! Mpigie!"

"Ataniona mroho."

Hasira zilinipanda, sifichi. "Na akuone! Kuwa mroho, mwanangu, tunakuomba!"

Ofisi nzima iliinua vichwa. Nábla, aliyekuwa ameleta mkate wa wajukuu, alisimama mlangoni asijue aingie au atoke. Muireann akapiga palepale mbele yetu.

"Bwana Joost, naitaka kazi. Naitaka sana. Nataka kubaki hapa."

Joost akasema, "Sasa mbona ulikataa?"

"Ilikuwa adabu tu."

"Nilishaanza kumwandikia mwingine." Tukamsikia akipumua, halafu akicheka. "Haya, nafuta. Mkataba utaupata Jumatatu. Au nikuulize tena?"

"Usiniulize tena!"

Tulipiga makofi kama wendawazimu. Nábla hakupiga. Kaka zake Muireann wote wako Boston na Perth, na kila mmoja alipoaga, mama huyu alimwambia, "Nenda tu, mimi sina neno." Sasa akauweka mkate mezani kwangu, akamshika bintiye mkono.

"Sikukuomba ubaki," alisema.

"Najua, Mama."

"Nilitaka kukuomba. Na wale wengine pia nilitaka."