Idadi Ambayo Hakuna Aliyeitaja

Katika miaka yote niliyoishi Nakivale, makazi ya sisi wakimbizi, sikumsikia hata mara moja mfugaji akitaja idadi ya ng'ombe wake. Ukimwuliza anao wangapi, atakujibu kwamba wapo, au kwamba watoto wanakunywa maziwa, au kwamba Mungu hajamnyima. Kuwahesabu kwa sauti ni kuwaitia maradhi, na kumwuliza mwenyewe ni utovu wa adabu. Habari ya maradhi sikuiamini, kwa kuwa sikuwahi kuuona ushahidi wake. Adabu niliifahamu, maana nilizaliwa miongoni mwa watu hao hao, nikavuka nao mpaka nikiwa kijana, na baada ya masomo Tanzania nikarudi makazini kuwafundisha watoto wao.

Miaka ya themanini ilipokaribia kwisha, vita vikiwa vimetulia upande wetu, alifika mhadhiri, daktari kwa shahada, wa chuo kimoja cha Mbarara ambacho sitakitaja. Alikuwa mtoto wa askari, mtu wa kaskazini aliyekulia katika kambi ya jeshi ya mji huo, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini. Alitaka kuandika makala juu ya mifugo ya wakimbizi na malisho ya kando ya ziwa, ili ichapishwe katika jarida la kitaaluma la ng'ambo. Wazee wetu hawakukijua Kiswahili, naye hakuijua lugha yetu. Nikawa mkalimani wake.

Hakuniahidi ujira. Aliniahidi kwamba jina langu lingewekwa baada ya lake, kama mwandishi wa pili. Chuoni kwake palikuwa na nafasi ya mkufunzi, na shahada yangu peke yake ilikuwa haijanifikisha popote. Mkuu wa chuo alikuwa ameniambia kwa kinywa chake, si kwa kupitia mtu, kwamba mkimbizi mwenye makala iliyochapishwa angefikiriwa. Mke wangu akaanza kushona mapazia ya nyumba ya mjini, ingawa nyumba yenyewe haikuwapo.

Boma la kwanza tulilolitembelea lilikuwa la mzee jirani yangu, mtu mrefu mkavu ambaye hakuiacha fimbo yake hata akiwa ameketi. Alitukaribisha maziwa katika chombo cha mti kilichofukizwa moshi, akangoja tunywe kwanza.

"Mzee, daktari anauliza una ng'ombe wangapi," nilisema, nikiyaelekeza macho yangu chini.

"Mwambie wapo."

"Anasema wapo," nikamwambia mhadhiri.

"Wapo ngapi?"

Nikatafsiri. Mzee aliitazama kalamu ya mgeni kwa muda.

"Mwambie wapo wale anaowaona, na wapo wale asiowaona."

"Sasa hii ni jibu gani, ssebo, bwana yangu? Mimi naomba namba, yeye ananipa kitendawili!"

"Anasemaje?" mzee akauliza. Nilipomweleza, alitikisa kichwa taratibu. "Mwulize mshahara wake ni kiasi gani. Akinitajia wake, nami nitamtajia wangu."

Mhadhiri alicheka kwa moyo, maana hakuwa mtu mwenye kinyongo. Mshahara hakuutaja.

Ndivyo ilivyokuwa boma baada ya boma. Tulipata majibu mazuri kuhusu nyasi, maji, kupe na ndama wanaokufa. Kuhusu idadi hatukupata lolote, na kila tulipotoka nilimwona mhadhiri akiiacha nafasi ya idadi wazi daftarini mwake. Nilimshauri avute subira, kwamba mwenye boma akikuzoea anaweza siku moja kukuruhusu usimame kando jioni mifugo inapoingia, ukahesabu mwenyewe kwa macho yako bila yeye kusema neno. Alijibu kwamba baraza la chuo lingekaa karibuni kuamua nani apandishwe cheo, na baraza halikuwa na subira ya ng'ombe.

Mvua zikaja na kupita. Siku moja nikapata salamu zake kwamba nifike Mbarara, makala iko tayari. Mke wangu alinipigia pasi shati jeupe.

Tulikutana katika hoteli ndogo ya chai karibu na soko, ya mama mmoja Mwislamu aliyejulikana kwa sambusa zake. Mhadhiri aliniwekea mbele kurasa zilizopigwa chapa vizuri. Jina langu lilikuwa pale juu, la pili, na sitaficha kwamba lilinipendeza machoni. Nyuma kabisa palikuwa na karatasi ya jarida iliyomtaka kila mwandishi athibitishe kwa sahihi kwamba ameshiriki katika kazi, ameisoma, na anayakubali yaliyomo.

"Weka sahihi hapo tu, mwalimu. Posta inafunga saa kumi."

"Nitasoma kwanza."

"Soma, soma. Wewe unasoma kama jaji."

Nilisoma. Sehemu ya nyasi ilikuwa safi, ya maji vilevile. Kisha nikafika kwenye jedwali. Kila boma tulilolitembelea lilikuwa na idadi yake ya ng'ombe, na juu ya jedwali yalikuwa yameandikwa maneno haya: kama walivyotaja wakuu wa kaya wenyewe.

"Daktari, hizi namba alizitaja nani?"

"Ziko sawa, usiogope."

"Sijauliza kama ziko sawa. Nimeuliza alizitaja nani."

Aliimega sambusa yake, akaiacha kwenye sahani. "Nilishuka hii mji ndogo ya Rwekubo. Hawa watu wanapita na baiskeli kununua maziwa, wanajua kila boma. Huyu anatoa maziwa hivi, huyu ana madume hivi. Nikakaa nao, wakaniambia, nikapiga hesabu. Iko wapi shida?"

"Shida ni kwamba mimi nilikuwapo. Hakuna mkuu wa kaya aliyetaja idadi. Andika basi kwamba umeambiwa na wachuuzi wa maziwa wa Rwekubo."

"Eh! Nikiandika hivyo, wazungu wa jarida watakataa. Watasema hii ni umbeya tu."

"Kumbe jina la kitu hicho unalijua."

Akaikoroga chai yake. Mama mwenye hoteli alikuja kuuliza kama tuongezewe chai, akatutazama nyuso, akarudi jikoni bila kungoja jibu.

"Na kama namba ni ya kweli?" mhadhiri aliuliza, sasa kwa sauti ya chini. "Kweli kabisa?"

Swali hilo lilikuwa la haki, na nimelifikiria mara nyingi tangu siku hiyo. Huenda wachuuzi wale walikuwa karibu sana na ukweli. Lakini msomaji wa jarida, aliye mbali na asiyeweza kuja Nakivale kuuliza, hana kitu cha kushika isipokuwa neno la mwandishi kuhusu namna alivyolijua analolisema. Namba ikikosewa, mwingine atakuja kuisahihisha. Njia ya kuipata ikidanganywa, huyo mwingine hatajua hata aanzie wapi. Tena wale wazee walichagua kunyamaza mbele yangu, na mimi ndiye niliyeutafsiri ukimya wao. Nikitia sahihi, nitakuwa nimewapa sauti ambayo si yao.

Nilimweleza hayo, si kwa ufasaha huu. Alisikiliza hadi mwisho.

"Mwalimu, kichwa yako ngumu kama pembe ya ng'ombe ya Ankole. Unajua hii nafasi ya kazi wataipa mtu mwingine?"

"Najua."

"Kwa sababu ya maneno sita tu juu ya jedwali!"

"Yafute hayo maneno, uandike ya kweli, nitatia sahihi sasa hivi kwa kalamu yako."

Aliitazama saa yake ya mkononi. Kisha akaivuta kalamu, akapiga mstari juu ya jina langu, mstari mmoja ulionyooka, kama mtu anayesahihisha kosa la chapa.

"Jina langu ni haki yako kulifuta," nikasema. "Lakini yale maneno mengine ni ya watu ambao hawajakupa."

"Nitaangalia," akajibu. Alilipa chai ya wote wawili, akanipa mkono, akaelekea posta.

Nafasi ya mkufunzi ilipewa mtu mwingine. Rwekubo walisema nilidai fedha nikanyimwa; kule Kaberebere, njiani kuelekea Mbarara, nilivyosimuliwa, walisema mhadhiri aligundua kwamba shahada yangu ni ya bandia. Sikuwajibu. Kama makala ilichapishwa, na kama yale maneno yalibaki juu ya jedwali, siwezi kusema. Mtu mmoja aliniapia kwamba ameiona, nami nilipombana akakiri kwamba aliambiwa na aliyeiona. Nilikwenda hadi maktaba ya chuo kile kuitafuta; jarida lilikuwa halifiki huko. Kwa hiyo hapo naishia.

Mke wangu aliyapokea maneno yangu akiwa amesimama mlangoni. "Baba watoto, huyo mtu alisema uongo kuhusu ng'ombe, si kuhusu roho za watu," alisema. Baadaye mapazia akayakata, akawashonea watoto mashuka.

Siku chache baada ya safari ile, yule mzee jirani alinipitia shuleni, fimbo begani.

"Nasikia umekosa kazi ya mjini kwa sababu ya ng'ombe wangu."

"Umesikia kwa nani?"

"Kwa watu wa maziwa."

"Hao hawakuwapo."

"Basi nieleze wewe uliyekuwapo."

Nilimweleza. Nilipofika kwenye jedwali nikamwambia kwamba idadi aliyoandikiwa niliiona kwa macho yangu, na kwamba kama ataka kujua nitamtajia, ili aseme mwenyewe kama ni ya kweli.

Aliinua kiganja haraka, kama mtu anayezuia kitu kisimwangukie.

"Acha, mwalimu. Iache hukohuko Mbarara."

"Hutaki kujua kama walikosea?"

"Wapo," alisema mzee. "Jioni tuma mtoto aje achukue maziwa."